Nguvu ya Daraja Iko Ukingoni

Pamoja na udogo wake, Ngombezi, hapa Korogwe, imepitiwa na mipango mingi mikubwa. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, ikasogea hapa, ikaenda Mombo na hatimaye Moshi. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka uleule wa 1893 na kuoteshwa kwanza Kikogwe, jirani na Pangani mjini, ukaenea bondeni kwa mistari iliyonyooka hadi chini ya milima ya Usambara. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Miaka ya 1990 yakabinafsishwa, na shamba la Ngombezi likaingizwa kwenye mpango wa wakulima wadogo: familia inapewa eneo lake ndani ya shamba, inapanda, inapalilia, inakata, kiwanda kinasindika. Leo wakulima hao wamo kwenye vyama vya ushirika. Reli nayo ililala kwa miaka mingi, vichaka vikaota kati ya mataruma, hadi treni ya mizigo iliporudi kwenye njia ya Moshi mwaka 2019.

Upande wa Handeni hadithi kubwa ni ya maji. Mradi wa HTM ulijengwa miaka ya 1970 ili kuvuta maji ya Mto Pangani hadi Handeni. Kwa miongo kadhaa ukajulikana zaidi kwa mabomba na pampu zilizochoka kuliko kwa maji yenyewe, na sasa unajengwa upya ndani ya mpango wa maji wa miji 28 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India. Watu wa huku, basi, hawajawahi kupungukiwa mipango. Wanachokijua kuliko wapangaji ni maisha ya mradi baada ya sherehe kwisha na turubai kukunjwa.

Nataka kulitazama jambo hilo kupitia mradi wa aina moja: daraja la kuning'inia, ambalo wengi huliita daraja la kamba. Sababu ya kwanza ni mto. Ruvu, ambao ramani huuandika Pangani, unapita kati ya Korogwe na njia za kwenda Handeni, na madaraja yanayobeba magari ni machache. Anayeishi mbali na madaraja hayo ana mtumbwi, au ana mzunguko mrefu, na mtoni mna mamba. Sababu ya pili ni kwamba historia ya madaraja ya aina hii imeweka wazi, pengine kuliko ya majengo mengine yoyote, umbali uliopo kati ya kilichochorwa na kilichojengwa, na kati ya kilichojengwa na kilichotunzwa. Kamera huelekezwa kwenye nguzo na kwenye sakafu inayoelea juu ya maji. Nguvu za daraja haziko huko.

Kulielewa hakuhitaji chuo. Nyaya kuu hupita juu ya nguzo za ng'ambo hii na ile, zikashuka nyuma ya nguzo na kufungwa ardhini. Pale zinapofungwa ndipo penye nanga. Sakafu ya kutembelea huning'inizwa kwenye nyaya hizo kwa vyuma vyembamba. Kwenye madaraja madogo ya vijijini hulazwa moja kwa moja juu ya nyaya, na nyaya nyingine mbili zikawekwa juu kuwa za kushikia. Nguzo hubeba mgandamizo, nyaya hubeba mvuto, na nanga ndiyo inayozuia vyote visiende mtoni.

Tupige hesabu, maana hapa hesabu inasema zaidi ya maneno. Chukua daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 80 na upana wa mita moja. Tuseme kila mita ya urefu inabeba kilo 500, yaani mbao, nyaya na watu waliojaa siku ya gulio. Uzito wote ni tani 40. Nyaya zikiachwa zibonyee mita nne katikati, mvuto wa mlalo unaofika kila ukingo ni tani 100: kilo 500 mara 80 mara 80, ukagawanya kwa 32, ambayo ni nane mara nne. Sasa aje mtu mwenye mamlaka, atake daraja linyooke lipendeze siku ya uzinduzi, na fundi akaze mpaka mbonyeo ubaki mita mbili. Watu ni walewale, mbao ni zilezile, lakini mvuto umekuwa tani 200. Nanga iliyochimbwa kwa ajili ya tani 100, hata kama iliwekewa akiba, imeanza kuila akiba yake siku hiyohiyo, na hakuna aliyeona lolote likibadilika isipokuwa daraja kupendeza.

Ni kuvuta kamba kusikokwisha, mchana na usiku, kingo mbili zikishindana, na upande wowote ukishinda wote wamepoteza.

Kwa hiyo swali la kwanza la daraja ni swali la udongo. Juu Usambara, kwenye mwamba, nanga hutobolewa kwenye jiwe na kujazwa zege, na jiwe halihami. Huku bondeni ukingo ni udongo ulioletwa na mafuriko yenyewe. Kiangazi hupasuka, masika hulegea, na mto hula upande mmoja huku ukijenga mwingine. Hapo nanga ni bonge la zege lililofukiwa, linaloshikilia kwa uzito wake, kwa msuguano, na kwa udongo ulioshindiliwa mbele yake. Mchoro uliotoka mahali pa mwamba ukiletwa hapa bila kuchimba shimo la majaribio, karatasi itakuwa sahihi na daraja litakuwa hatari. Kuchimba shimo lile ni kazi ya vijana wawili wenye majembe. Ni kazi ya bei ndogo kuliko karibu zote katika mradi, nayo ndiyo rahisi kuiruka muda ukibana, kwa sababu shimo halipigwi picha.

Waliolipia somo hili kwa bei kubwa ni wengi. Tarehe 16 Aprili 1850, katika mji wa Angers nchini Ufaransa, kikosi cha askari kilikuwa kikivuka daraja la kuning'inia la Mto Maine wakati wa dhoruba. Daraja lile lilikuwa na umri wa miaka 11 tu. Likakatika, wakafa watu 226. Uchunguzi ulipofika kwenye nanga ulikuta jambo la kusikitisha. Wajenzi walizifunika ncha za nyaya kwa chokaa ili kuzikinga na kutu. Chokaa ile ikaachana na nyaya, maji yakapenya katikati, kutu ikala nyaya taratibu mahali ambapo hakuna jicho lingeweza kufika. Kinga ndiyo iliyoficha ugonjwa. Kwa takriban miaka 20 Wafaransa wakaacha kabisa kujenga madaraja ya namna hiyo, ingawa kosa halikuwa la daraja la kuning'inia kama wazo. Kosa lilikuwa kumnyima mkaguzi mlango wa kuingilia.

Ungedhani baada ya Angers jambo hilo lingeeleweka. Lakini tarehe 30 Oktoba 2022, katika mji wa Morbi, jimbo la Gujarat nchini India, walikotoka mababu wa familia nyingi za Waasia wa pwani yetu, daraja la waenda kwa miguu la tangu karne ya 19 lilikatika jioni likiwa limejaa watu wa sikukuu, wengi wao watoto na akina mama. Walikufa watu wasiopungua 135. Daraja lile lilikuwa limefungwa kwa miezi kadhaa kwa matengenezo na kufunguliwa siku nne tu kabla. Sakafu yake ya mbao ilikuwa imeondolewa ikawekwa mpya ya alumini. Nyaya kuu ziliachwa zilezile za zamani. Wachunguzi waliporipoti, walisema kwamba katika waya mkuu mmoja wenye nyuzi 49, nyuzi 22 zilikuwa zimekwisha kuliwa na kutu kabla ya siku ya ajali.

Nimeufikiria sana mradi ule wa Morbi. Kila mtu aliyelipa kiingilio aliona daraja lililotengenezwa, na kwa hakika lilikuwa limetengenezwa, pale ambapo nyayo zinakanyaga. Fedha zilifika. Kazi ilifanyika. Mtu angeweza kuandika taarifa ya utekelezaji yenye picha za kabla na baada, na kila picha ingekuwa ya kweli. Ndiyo maana nakataa kusema kwamba miradi yetu hushindwa kwa sababu ya wizi peke yake. Ipo inayoshindwa kwa sababu matengenezo yalifuata macho ya wageni badala ya kufuata njia ya uzito.

Mfano wa kinyume chake unatoka mbali zaidi, Peru, kwenye milima ya Andes. Daraja la Q'eswachaka lina urefu wa karibu mita 28 na limesukwa kwa majani tu, kama walivyosuka Wainka kabla Mhispania hajafika. Kila mwaka, mwezi Juni, jamii za pande zote mbili hukutana, kila kaya ikaleta kamba iliyosokota nyumbani, la zamani likakatwa na jipya likafungwa kwa siku chache. Mwaka 2013 UNESCO iliitambua kazi hiyo kuwa urithi wa ubinadamu. Janga la korona lilipozuia mkutano wa 2020, daraja halikuchelewa kujibu: Machi 2021 lilianguka lenyewe. Juni mwaka huo wakalisuka upya.

Mtu wa Ngombezi anayeujua mkonge anaweza kuuliza kama singa zetu zingefaa kwa kazi hiyo. Kamba ya mkonge ina nguvu, lakini hunyonya maji na huoza, na siwezi kumshauri mtu avushe watoto juu ya Ruvu kwa kamba hiyo. Majani ya Andes nayo huoza. Wale wameishi na uozo huo kwa karne nyingi kwa sababu mpango wao unaanzia hapo: daraja litakufa, basi tuweke siku ya kulifufua. Chuma chetu hufa polepole zaidi, na upole huo wa kifo chake hutufanya tusiweke siku yoyote.

Wapo wahandisi walioujua udhaifu wa watu wakauwekea nafasi kwenye hesabu. John Roebling alipolichora daraja la Brooklyn, New York, alipanga nyaya ziwe na nguvu mara sita ya mzigo unaotarajiwa. Hakuliona likijengwa: mwaka 1869 mguu wake ulipondwa na kivuko wakati wa upimaji, akafa kwa pepopunda. Mwanawe, Washington, akaugua kwa kufanya kazi chini ya maji kwenye vyumba vya hewa iliyoshindiliwa, na kwa miaka mingi mkewe, Emily, ndiye aliyekuwa akipeleka maelekezo kwa mafundi. Katikati ya taabu hiyo, mwaka 1878, ikagundulika kwamba mkandarasi wa nyaya, J. Lloyd Haigh, alikuwa akipitisha nyaya zilizokwisha kukataliwa na wakaguzi. Nyingi zilikuwa zimeshasukwa ndani ya nyaya kuu na kuzitoa haikuwezekana. Washington akapiga hesabu upya: nyaya kuu zisingefika nguvu ya mara sita, lakini bado zingebeba. Akaamuru ziongezwe nyuzi takriban 150 nzuri kwa kila waya mkuu kwa gharama ya mkandarasi, kazi ikaendelea. Daraja lilifunguliwa tarehe 24 Mei 1883 na magari yanapita hadi leo. Tunapoambiwa kwamba akiba kwenye mchoro ni anasa ya mataifa tajiri, tukumbuke kwamba bila akiba ile kosa la mtu mmoja lingetosha kuuangusha mradi mzima.

Afrika ina shahidi wake mkubwa, nao ni daraja la Matadi nchini Kongo, linalovuka Mto Kongo kwa mita 520 kati ya nguzo na nguzo. Lilijengwa kwa mkopo na wahandisi wa Japani, likakamilika mwaka 1983, na kwa miaka 35 hakukuwa na daraja la kuning'inia refu kuliko hilo barani, hadi lile la Maputo kwenda Katembe, lenye mita 680, lilipofunguliwa Novemba 2018. Matadi lilichorwa libebe magari na treni pia. Reli ilipangwa kwenda mpaka Banana kwenye mlango wa mto, ambako ingejengwa bandari ya kina kirefu. Reli haikujengwa. Nafasi ya treni imo ndani ya daraja, tupu, tangu siku ya kwanza.

Ni rahisi kuligeuza Matadi kuwa kichekesho cha miradi mikubwa, na wengi wamefanya hivyo. Naona wamekosa haki. Taasisi ya Kikongo iliyokabidhiwa daraja lile, OEBK, iliendelea kulitunza kwa mafundi wake waliofundishwa wakati wa ujenzi, kupitia kuanguka kwa Mobutu na vita vya 1998 vilivyofika mpaka Matadi yenyewe. Rangi ilipakwa, bolti zilikaguliwa, ushuru ulikusanywa. Miongo mitatu baadaye Wajapani waliporudi kusaidia kukausha unyevu ndani ya nyaya kuu, walikuta daraja lenye wenyewe. Sehemu ya mpango iliyopambwa kwenye hotuba ilikufa. Sehemu ambayo haikuwa na hotuba, ya kuwafundisha watu na kuwaacha na vifaa vyao, ndiyo iliyoishi. Kama ningekuwa mwalimu wa wapangaji miradi, ningewapeleka Matadi kabla ya kuwapeleka Brooklyn.

Lakini daraja linalofanana zaidi na haja ya vijiji vya Ruvu liko Ethiopia, kwenye Nile ya Buluu. Huko Sebara Dildiy kulikuwa na daraja la mawe la karne ya 17 ambalo tao lake moja lilivunjwa wakati wa vita na Waitaliano miaka ya 1930. Kwa miaka kama 60 na zaidi wanaume walisimama kila upande na kuvuta watu kwa kamba juu ya pengo. Mwaka 2001 Mmarekani mmoja, Ken Frantz, aliona picha ya jambo hilo kwenye jarida la National Geographic, akaanzisha shirika la Bridges to Prosperity, wakaenda wakaziba pengo kwa fremu ya chuma. Watu wakavuka, wanyama wakavuka. Mwaka 2005 mafuriko yakaja yakaichukua fremu ile.

Hapa ndipo mradi ule unaponivutia kuliko yote. Wale watu hawakurudi kuziba pengo lilelile kwa chuma kizito zaidi. Walikubali kwamba mahali pa zamani palikuwa pamechaguliwa na tao la mawe, na kwamba maji yalikuwa na hoja. Mwaka 2009 wakajenga daraja la kuning'inia, juu zaidi, refu zaidi, lenye urefu wa kama mita 100, lisilo na mguu wowote mtoni. Faida kubwa ya daraja la kuning'inia kwa mto wenye hasira ni hiyo: halina nguzo ya katikati ya kukamata magogo na matope. Ila linadai kitu kimoja bila huruma, nacho ni kuujua urefu wa mafuriko. Likiwa chini kwa nusu mita, gogo moja linaloelea litafanya ambacho umati wa watu haukufanya.

Ufundi huo umezaa matunda karibu na sisi. Nchini Rwanda, shirika lilelile na serikali wamejenga zaidi ya madaraja 100 ya waenda kwa miguu, wilaya zikichangia gharama, na madaraja mengi ya shirika hilo hutumia nyaya za chuma zilizokwisha kustaafu kwenye winchi za bandarini. Waya usiofaa tena kunyanyulia makontena bado una nguvu nyingi za kubebea watu. Ethiopia ilipata michoro kwa njia nyingine, kutoka Nepal kupitia shirika la Helvetas la Uswisi. Nepal wamekuwa wakijenga madaraja ya njia za miguu tangu miaka ya 1960, na sasa wanayahesabu kwa maelfu. Kilichohamishwa kutoka Nepal si chuma. Ni desturi ya kamati ya watumiaji inayoundwa kabla ya ujenzi, inayokusanya mawe na mchanga, na inayobaki na spana baada ya mafundi kuondoka.

Na daraja dogo lina uzito gani katika maisha ya watu? Wachumi Wyatt Brooks na Kevin Donovan walichunguza vijiji vya Nicaragua vinavyokatwa na mafuriko, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Pasipo daraja, mafuriko yalipunguza kipato cha vibarua kwa asilimia 18. Palipojengwa daraja, pigo hilo liliondoka. Kinachonigusa zaidi ni walichokikuta mashambani: watu wenye uhakika wa kuvuka kwenda kutafuta kibarua walianza kuwekeza zaidi kwenye mashamba yao, kwa sababu mvua mbaya haikuwa tena na uwezo wa kuwafungia njia zote mbili kwa pamoja. Mkata mkonge mwenye shamba la mahindi ng'ambo haelezwi jambo hilo na mchumi; analijua.

Tuurudie Ruvu, basi, tuutazame kwa macho hayo. Juu ya Korogwe mto unatawaliwa kwa sehemu na bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960, kwa hiyo alama za mafuriko ya zamani zinaweza kuwa kubwa kuliko za sasa, na mtaalamu wa mezani anaweza kushawishika kushusha daraja ili kuokoa fedha. Lakini Mto Mkomazi unaingia Ruvu chini ya bwawa hilo, ukileta maji ya Usambara na Pare ambayo bwawa haliyazuii. Wazee walioiona El Niño ya 1997 na 1998 wanajua maji yalifika mti gani. Mvua za Oktoba 2019 ziliikata hata barabara ya lami ya Korogwe kwenda Handeni. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ina kumbukumbu zake, na vizazi vya wavuvi vina zao. Mradi unaochukua moja na kuiacha nyingine umejipunguzia nusu ya maarifa bila kuokoa hata shilingi.

Kuna pia jambo la bodaboda. Mchoro utaandikwa kwamba daraja ni la waenda kwa miguu, na kibao kitawekwa. Wiki ya pili pikipiki itapita na magunia mawili ya mahindi, na wiki ya tatu mfugaji atapitisha ng'ombe. Simlaumu yeyote kati yao. Wamefika mtoni na mzigo wao kama kila mtu. Anayepanga kwa ajili ya Korogwe na Handeni akijifanya haijui bodaboda, amechora daraja la nchi nyingine. Ama alichore libebe pikipiki moja kwa wakati mmoja, ama aweke vigingi vinavyoizuia kweli, si maandishi.

Mbao za sakafu zitataka kubadilishwa. Mchwa na mvua havina mkataba. Kwa bahati nzuri Muheza, hapo jirani, kuna mitiki ya Longuza, mbao ambayo hustahimili. Bolti nazo zitatazamwa na mtu wa vyuma chakavu, na mafundi wenye uzoefu huziponda ncha baada ya kuzikaza ili zisifunguke kwa spana ya kawaida.

Ila kitu kimoja nataka kukionyesha kwa karibu, maana hapo ndipo mchoro mzuri huuawa na mkono usioelekezwa. Waya mkuu ukishazunguka kwenye nanga, mkia wake hurudishwa na kubanwa sambamba na waya wenyewe kwa klipu. Klipu ina vipande viwili: chuma kilichopindwa chenye nyuzi za nati, na kitako chenye mifereji. Kitako ndicho kinachotakiwa kukaa upande wa waya unaobeba mzigo, na chuma kilichopindwa upande wa mkia. Fundi akigeuza, kile chuma kitauponda waya unaobeba, na nguvu za maungio zitapungua sana. Kwa mtu aliyesimama hatua tano hakuna tofauti inayoonekana. Na hata zikifungwa sawasawa, waya ukivutwa kwa mara ya kwanza hupungua unene kidogo, kwa hiyo nati zote lazima zikazwe upya baada ya daraja kubeba mzigo, na zikaguliwe tena na tena. Mkandarasi ana kipindi cha uangalizi, mara nyingi mwaka mmoja. Baada ya hapo nati ni za nani? Za kijiji, za halmashauri, za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini? Njia ya miguu haina namba kama barabara, na kisicho na namba ni vigumu kukiombea fedha kwenye bajeti.

Miradi mingi niliyoitaja haikushindwa kwa kukosa wataalamu. Angers walikuwepo, Morbi walikuwepo. Ilichokosa ni mtu mmoja mwenye jina, mwenye spana, mwenye njia ya kufika kwenye nanga, na mwenye haki ya kusema "lifungwe leo" akasikilizwa hata kama ni siku ya sikukuu.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa diwani, mtendaji na mwenyekiti wa kijiji chochote cha bonde hili ambacho siku moja kitaletewa mchoro wa daraja la kuning'inia. Msianzie kwenye picha ya mbele. Fungueni ukurasa wa nanga, mwombe shimo lichimbwe mkiwepo, muwaite wazee waonyeshe maji yalipofika. Dirisha la ukaguzi liwe kwenye mkataba. Kabla ya kutia saini, jina la atakayekaza nati mwaka wa pili, wa tano na wa kumi liandikwe kwenye muhtasari wa kikao, pamoja na posho yake na mfuko itakakotoka. Kama jina hilo halipatikani, ahirisheni utepe mpaka lipatikane.